Kilichokosekana katika Faili ya Mama Odette

Zaina, mama,

Umetoka sasa hivi kwenda Kabondo kumuaga shangazi yako. Nimesikia pikipiki ikikata kona. Najua utakaa kule mpaka jioni, maana shangazi hamwachi mtu aondoke bila kula. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne, za kuandika jambo ambalo sina budi kukuandikia kabla ya kesho.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukueleza habari za chandarua, za kadi ya chanjo, za nani atakupokea Kinshasa na nani usimfungulie mlango. Anayajua hayo kuliko mimi. Mimi nina neno moja tu, na nimechelewa nalo miaka mingi.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunakula na tonton zako, ndugu zangu, tonton Amisi alikuuliza kwa nini umechagua kazi hii ya kuishitaki serikali, kazi iliyomzeesha baba yako kabla ya wakati. Ukaacha kula lituma yako ya ndizi za kupondwa, ukasimulia. Ulisema kwamba ulipokuwa mtoto papa alikuwa na faili ya mwalimu mmoja wa Mangobo, mama aliyefukuzwa kazi bila sababu. Jaji akamwita papa ofisini kwake akamdai hongo, papa akakataa, akapoteza kesi huku kichwa chake kiko juu. “Nikajiambia, na mimi nitakuwa avoka, wakili kama papa,” ulisema. Amisi akapiga makofi. Mama yako alikuwa anaangalia sahani yake. Mimi nilikunywa maji.

Hadithi ile si ya kweli.

Mama Odette ni kweli. Kufukuzwa kwake ni kweli. Jaji kuniita ni kweli. Lakini hakuna aliyedai hongo, na kesi ile niliipoteza mimi. Nitakueleza tangu mwanzo, polepole, maana wewe sasa ni mwanasheria na utataka kuona kila karatasi.

Ulikuwa na miaka miwili. Nilikuwa na chumba kimoja cha kukodi Makiso, hapa Kisangani katikati, chenye meza, kabati la faili lisilofungika, na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Wenzangu walikuwa wanaishi kwa kesi za viwanja na za talaka. Mimi nilitaka kesi za utawala. Nilitaka kusimama mbele ya mahakama na kusema: mkubwa huyu aliyetia sahihi hapa, sheria haikumpa ruhusa ya kuitia. Babu yako, fundi cherehani maisha yake yote, alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kupigana na mvua. “Unashitaki État, serikali yenyewe?” aliniuliza. “Na État ikikasirika, utakimbilia wapi?” Nilicheka. Nilikuwa kijana, na nilijipenda sana.

Mama Odette alikuja siku ya mvua, karatasi yake ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mkurugenzi wa shule ya msingi ya serikali kule Mangobo, mama mrefu, sauti yake ya kufundishia haikumtoka hata alipokuwa analia. Uamuzi wenyewe ulikuwa na mistari minne. Ulisema ameondolewa katika kazi yake kwa maslahi ya shule. Maslahi gani, haukusema. Hakuwa ameitwa kujieleza, hakuwa ameandikiwa onyo hata moja.

“Mama, kulitokea nini?” nilimuuliza.

“Walikuja kuniambia nitoe madarasa mawili, batie humo simenti ya mukubwa moja,” alisema. “Nikauliza, na batoto ya mwaka wa tano na wa sita batasomea wapi? Hawakujibu. Nikasema, alors mi nakatala. Ni ile tu, Maître. Hakuna ingine.”

Nilisoma karatasi ile mara mbili, na nikafurahi. Ona aibu hiyo. Mama wa watu analia mbele yangu, mimi moyoni nashangilia, maana niliona kesi nzuri. Mtu amefukuzwa bila sababu na bila kusikilizwa. Kwa sheria za utawala, uamuzi wa namna hiyo unaanguka wenyewe ukiguswa tu.

Lakini unajua utaratibu. Kabla ya kwenda mahakamani unamwandikia kwanza mkubwa yuleyule aliyekuumiza, unamwomba autengue uamuzi wake, na unafanya hivyo ndani ya muda uliowekwa. Akikataa, au akinyamaza, ndipo unakwenda kwa jaji. Na jaji, kabla hajasoma malalamiko yako, anataka kuona uthibitisho kwamba uliandika na barua ikafika. Utaniambia, papa, hilo hata mwanafunzi anayeanza analijua. Ndiyo. Na mimi nililijua.

Barua niliiandika. Niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mkoa. Mama anayepokea barua alikuwa amekwenda kula. Nilimngoja, sijui, robo saa. Jioni ile nilikuwa nimealikwa kuhutubia mawakili vijana, na nilitaka kupita nyumbani nivae tai nyingine. Basi nikaiacha barua juu ya meza yake, nikaikandamiza kwa kitu kizito, nikaondoka na nakala yangu isiyo na muhuri. Nilijiambia nitarudi kesho wanipigie muhuri. Sikurudi kesho, wala kesho kutwa, wala siku nyingine yoyote. Kazi ya kuandika ombi la mahakamani ilinimeza. Niliandika kurasa ishirini na mbili, Zaina. Nilizisoma kwa sauti mbele ya mama yako akiwa anakuogesha. Zilikuwa nzuri kweli. Na nyuma yake niliambatanisha nakala ile tupu, bila kuiangalia.

Jaji aliyepewa kesi aliitwa Bosenge. Alikuwa mtu mnene kidogo, mpole, anayesema chini chini hata ukalazimika kuinama ili umsikie. Siku moja baada ya kikao aliniita ofisini kwake. Faili ya Mama Odette ilikuwa juu ya meza. Aliisukuma kidogo kwangu kwa vidole viwili, akasema kwa Kifaransa, taratibu: “Maître, katika faili yenu kunakosa kitu.”

Niliitazama faili bila kuifungua.

“Nawapa siku kumi na tano,” alisema. “Angalieni vizuri.”

Wewe umekulia hapa. Unajua katika mji huu mtu wa ofisi akikuambia kunakosa kitu, anakuambia nini. Masikio yangu yalikuwa yamezoea. Nilikuwa nimesikia maneno hayo kwa polisi wa barabarani, kwa karani wa viwanja, kwa mtu wa cheti chako wewe mwenyewe cha kuzaliwa. Damu ilinipanda. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

“Monsieur le Président,” nikamwambia jaji, “faili yangu imekamilika. Sitaongeza kitu.”

Alinitazama. Mpaka leo nayaona macho yale. Nilidhani ni macho ya mtu aliyekamatwa. Yalikuwa macho ya mtu anayesikitika.

“Mnavyotaka, Maître,” alisema.

Siku ya kumi na mbili alimtuma karani wake mpaka chumbani kwangu. Karani akasimama mlangoni, kofia mkononi. “Jaji anauliza kama kile kitu kimepatikana.” Nilikuwa na wateja wawili ndani. Nikapaza sauti ili wasikie: “Mwambie bosi wako, mimi sinunuliki.” Karani akavaa kofia, akashuka ngazi. Wateja wangu wakaangaliana, na mmoja akanyoosha kidole gumba. Hapo ndipo hadithi ilipoanza kutembea mjini, kabla hata ya hukumu.

Hukumu ilisomwa kwa muda usiofika dakika mbili. Ombi halipokelewi, kwa kukosa uthibitisho kwamba malalamiko yalifikishwa kwanza kwa mkubwa husika. Sababu hiyo ilikuwa imeandikwa wazi, kwa mashine, aya nzima. Niliisoma. Nikasema moyoni, kisingizio. Sikukubali hata dakika moja kwamba maneno yale yalikuwa na maana ya kile yalichosema.

Mama Odette alikuwa ananingoja nje. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha sikukuu.

“Maître, imekuwa je?”

Nikamwambia, “Mama, walitaka pesa. Nilikatala.”

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakulia siku ile. “Aksanti, Maître,” alisema. “Afadhali vile.”

Afadhali vile. Nimelala na maneno hayo mawili miaka mingi kuliko umri wa ndoa za watu wengi.

Basi hadithi ikakua pamoja na wewe. Kila nilipoisimulia niliipamba. Nilimvika jaji saa ya dhahabu, na Bosenge hakuwa na saa. Nikamwekea kicheko. Ulipokuwa darasa la nne uliisimulia shuleni, na mwalimu wako akaniomba nije niwaeleze wanafunzi. Nikaenda. Nilisimama mbele ya watoto arobaini nikawaeleza jinsi jaji alivyonichekea, nawe ulikuwa umekaa safu ya mbele, mgongo umenyooka, ukitikisa kichwa mahali ulipopajua. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Si kwamba nilikudanganya mara moja nikiwa na haraka. Nilikuja shuleni kwako kukudanganya.

Mama Odette hakurudi kazini. Alifundisha watoto wa majirani uani kwake, asubuhi akakaanga mikate na kuiuza. Kila mwaka mpya alikuja nyumbani na kitu: mkungu wa ndizi, samaki wa kukaushwa kutoka kwa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko, siku nyingine kuku. Utamkumbuka. Ndiye aliyekuwa anakuita “bibi avoka”. Aliweka kitu chake jikoni akamwambia mama yako, “Ni ya Maître, yule mwenye hakukula pamoja nabo.” Na mimi nilipokea, nikala.

Sasa nakuja kwenye miaka minne iliyopita. Ulikuwa chuoni. Nilikuwa na kesi ya muuguzi wa kituo kimoja cha afya karibu na Yangambi, mtu aliyehamishwa kwa chuki. Tulikuwa tumeshinda, na hukumu yake ilikuwa imelala kwenye droo ya watu kwa zaidi ya mwaka bila kutekelezwa. Hayo pia utayaona: unashinda, halafu unaanza kazi ya pili ya kutembea nyuma ya ushindi wako kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka viatu viishe. Nilikuwa nateremka mtoni na nakala mkononi ili niipeleke mwenyewe. Mashua ilikuwa imejaa magunia na mbuzi. Nikapata nafasi juu ya gunia la chumvi, na mzee aliyekuwa pembeni akasogea kunipisha. Alikuwa Bosenge.

Alikuwa amestaafu. Anarudi kwao chini ya mto kulima kakao. Alinitambua kabla yangu, akanisalimu kwa jina. Tulizungumza habari za mvua, za bei ya mafuta ya mashua. Mji ulipokwisha kupotea nyuma yetu akasema, kwa sauti ileile ya chini:

“Maître Assani, lile ombi lako la yule mwalimu, nililisoma mara mbili. Lilikuwa zuri. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika hukumu ya kumrudisha kazini.”

Nikaigeuza nakala ya muuguzi mikononi, nikaikunja.

“Nilikosa tu ile nakala yenye muhuri,” akaendelea. “Nilikuambia. Nikakupa siku kumi na tano. Nikamtuma karani. Zaidi ya hapo nisingeweza, jaji hawezi kumfundisha avoka wa upande mmoja kazi yake. Hata hivyo nilikuwa nimepita mpaka.”

Injini ilikuwa inapiga kelele, na nilitamani ipige zaidi. Akanigeukia.

“Kuna kitu nilitaka kukuuliza siku moja. Watu walisema mjini nilidai pesa. Mke wangu akaacha kwenda sokoni Mangobo, walikuwa wanamwimbia. Nikaomba uhamisho. Ni wewe ulisemaka vile?”

Zaina, alikuwa amekaa karibu nami hivi, magoti yetu yanagusana. Alikuwa ameuliza bila hasira, kama anayeuliza njia. Na mimi, mtu wa miaka hamsini na zaidi, avoka mwenye wanafunzi, nikamjibu: “Watu wanasema mengi, Président.”

Akaitikia kwa kichwa. Akageuka kuangalia maji. Alipoteremka aliniaga kwa kunipa mkono.

Niliporudi Kisangani sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile ofisi ya mkoa, nikaomba kuona daftari la barua zilizoingia mwaka ule. Mama mmoja wa kumbukumbu alinitafutia siku mbili. Daftari lilikuwa kubwa, mgongo umeliwa na mchwa, na kurasa zimeshikana kwa unyevu. Tulizibandua moja moja kwa rula. Na ilikuwepo. Tarehe, jina langu, “malalamiko, mkurugenzi wa shule”, na muhuri. Yule mama aliyekuwa amekwenda kula alirudi kutoka kula, akaikuta barua mezani, akaiandika kama kazi yake inavyotaka. Muda wa sheria ulikuwa bado haujaisha. Barua ilikuwa imefika. Nilichotakiwa kufanya ndani ya zile siku kumi na tano ni kuvuka barabara, kupanda ngazi, na kuomba nakala ya mstari mmoja.

Kama ningemuuliza tu: “Kitu gani, Monsieur le Président?” Maneno manne au matano. Ningeuliza hivyo, Mama Odette angezeeka ndani ya shule yake.

Nilimwambia mama yako jioni ileile. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Akasema, “Odette utamwambia wewe mwenyewe. Na Zaina utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakubebea.” Tangu siku hiyo hajanikumbusha hata mara moja. Ila Mama Odette alipokuja mwaka mpya na kitu chake, mama yako alitoka uani.

Ilinichukua miezi mitano kwenda Mangobo. Nilimkuta anasahihisha madaftari ya watoto wake wa uani, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikataa kukaa, halafu nikakaa. Nikamweleza yote. Barua, meza, tai, jaji, karani, mashua, daftari. Nikampa nakala ya ule ukurasa.

Aliusoma kama mwalimu anavyosoma, kidole chini ya mstari. Akavua miwani.

“Donc ule juge hakukulaka.”

“Hakukula, mama.”

“Na mi nilikuwa nasema hapa, kwa kila mutu, alikulaka. Kanisani nilisema. Bibi yake siku moja alikuja kununua mikate yangu, nikamukatalia. Nilimwambia, kwenda ununue na ile pesa bwana yako alikulaka.” Akaweka miwani juu ya madaftari. “Alikuwa na mimba, Maître.”

Nilimwambia naomba msamaha. Neno hilo lilitoka dogo, nikasikia jinsi lilivyo dogo.

“Sitakuambia nimesamehe,” alisema. “Nimechoka. Masomo bado inaendelea, batoto banangoja. Urudie siku ya posho.”

Nilirudi Jumamosi. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Alikuwa amevaa, viatu miguuni, mfuko begani. “Twende,” alisema. Akanipeleka kwenye nyumba tatu za mtaa wake, nyumba ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka habari ya jaji na kuikaza. Ya kwanza ilikuwa ya mzee wa kanisa lake. Ya pili ya mama anayeuza samaki, ambaye ndiye aliyekuwa anaanzisha zile nyimbo sokoni. Ya tatu ya mwalimu mwenzake wa zamani, mgonjwa, amelala kitandani. Tulitembea kwa miguu, jua limewaka, yeye mbele, mimi nyuma na koti langu la mahakamani, maana alikuwa ameniagiza nilivae. Katika kila nyumba alisema maneno yaleyale: “Nilikuleteaka uongo. Huyu ndiye mwenye iko na ukweli yake.” Halafu ananigeukia, nami naanza upya. Barua, meza, tai.

Mzee wa kanisa alisema tumwombee marehemu. Nikamwambia jaji bado yu hai. Mama wa samaki alinitazama toka juu hadi chini akasema, “Na wewe ndiye tuliita musafi?” Mwalimu mgonjwa alifumba macho, sijui kama alisikia.

Tulipotoka nyumba ya tatu, Mama Odette aliniagiza nimwandikie jaji, na yeye atatia sahihi chini ya jina langu. Tukaandika pale pale, juu ya benchi lake. Barua ikateremka na mashua ya Yangambi. Majibu yalikuja baada ya wiki sita, karatasi moja, mstari mmoja: “Nimepokea barua yenu.” Tarehe na sahihi. Nilikuwa nimetumaini zaidi. Mama Odette aliisoma, akaikunja, akasema inatosha, na akaiweka yeye.

Sasa haji tena kwetu mwaka mpya. Haleti kitu. Nikimpita barabarani tunasalimiana, na ananiita Assani, si Maître. Hilo limekuwa jepesi kwangu kuliko lile jina la zamani.

Ilibaki nyumba moja. Hii yetu. Miaka minne nimepita ndani yake nikiahirisha, kama avoka mbaya anavyoahirisha kesi akijua atashindwa. Nilisema nikuache umalize mitihani. Ukamaliza. Nikasema nikuache uapishwe. Ukaapa, umevaa joho, ukanipa mkono mbele ya watu ukasema, “Papa, ni kwa ajili ya ile siku.” Ningesema pale? Nilikaa kimya, nikapigwa picha. Picha hiyo ipo ukutani mbele yangu ninapoandika, na uso wangu ndani yake nauona mimi peke yangu ulivyo.

Unakwenda kufanya kazi kwa mawakili wanaosimama mbele ya majaji wakubwa kuliko wangu. Siwezi kukuambia kule hakuna wanaodai. Wapo. Nimekutana nao hapa, wa kweli, wenye saa na wasio na saa, na baadhi yao niliwakataa kweli, na kesi hizo nilizipoteza pia, ila hakuna anayezijua kwa kuwa sikuzisimulia. Zilikuwa hazina utamu. Siku hizi mtu akiniambia jambo nusu nusu, namuuliza tu anamaanisha nini, nangoja anijibu, na napiga muhuri kila karatasi yangu hata ya kununulia kalamu. Makarani wananicheka. Wanadhani ni uzee.

Nimechoka, Zaina. Sikuandiki ili unionee huruma, ni habari tu. Magoti yanauma nikipanda ngazi za mahakama, na wiki iliyopita nilisinzia nikimngoja karani. Lakini jana tu alikuja mtu wa bandarini na karatasi yake, mistari mitano, sahihi ya mkubwa, hakuna sababu. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, kama wanavyofanya wote. Nikavaa miwani. Sijui kufanya kazi nyingine, na karatasi ile ilikuwa na kosa katika mstari wa tatu.

Kuhusu wewe, sijui sasa utafanya nini na sababu yako ya kuichagua kazi hii. Niliiweka mimi ndani yako, na haikuwa yangu kuiweka. Labda umekwisha kuipata nyingine, yako mwenyewe, hukuniambia. Labda hukuipata, na utakwenda Kinshasa na mzigo mwepesi kuliko ulivyofikiri. Vyovyote vile, tiketi ni yako na joho ni lako, hakuna mtu atakayekudai ulirudishe. Na ukitaka kumwambia tonton Amisi, mwambie. Ukitaka nimwambie mimi, nitakwenda kesho kutwa.

Nilifikiri nikufichie barua hii ndani ya begi uisome ukiwa angani. Nimeamua hapana. Naiweka juu ya kitanda chako, uisome ukirudi kutoka kwa shangazi, kabla ya chakula. Nitakuwa sebuleni. Umeme umekatika tangu mchana kwa hiyo hakuna redio, na mama yako anapika, hatatuingilia. Ukiwa na swali, njoo uulize. Ukiwa na maneno makali, njoo nayo. Na usipotaka kuniona jioni hii, kaa chumbani kwako mpaka asubuhi, sitagonga mlango. Saa mbili nitakuwa nje, nitapakia mabegi yako, nitakaa kiti cha mbele na dereva, na nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka hata kama hutanisemesha njia nzima.

Papa yako,
Assani